Ungo Unahama

Walianza kwa kwenda chini.
Miezi mitatu hatukuona jumba, tuliona shimo,
na Kadzo akauliza, "Hawa wanajenga au wanazika?"
Usiku pampu ilikohoa hadi alfajiri,
ikatema maji ya chumvi njiani kwetu,
na bata wa Bi Rukiya wakaogelea
mahali ambapo jana palipita mkokoteni.

Kisha nguzo. Kisha sakafu juu ya sakafu.
Watoto wa Maweni walihesabu kwa sauti,
wakibishana kama ya chini kabisa nayo ni ghorofa.

Mimi sikuhesabu ghorofa. Nilihesabu jua.
Naanika embe za achari, vipande vya upana wa kidole,
zimelala na chumvi, zimevaa manjano,
nyungo sita mbele ya mlango.
Zamani siku mbili zilitosha:
embe ilijikunja kama sikio la mbuzi.
Jumba lilipofika ya nne,
kivuli kilikuja saa kumi, kwa adabu, kama mgeni.
Ya saba, saa tisa.
Ya tisa, hakikubisha hodi tena.
Nausogeza ungo, nacho kinasogea.
Sasa ni siku nne, na bado embe ina machozi.

Kwenye lango wametundika picha ya jumba likiisha.
Juu ya paa lake pana maji ya buluu,
na mwanamke ameshika bilauri, anacheka na upepo.
Nimeitazama sana picha hiyo.
Hakuna mtu mwenye kivuli.
Na hapa tulipo sisi, nyumba kumi na tisa na msikiti mdogo,
wamepaka majani.

Mwanangu Lali alibeba zege mle.
Alirudi jioni kope zimeganda,
akila kimya, vidole havikunji tonge.
Sikumwambia habari za embe.
Ugali wa usiku ule ulitoka kwenye kivuli kile kile.

Siku moja simu: "Mama, toka uani. Tazama juu."
Nikatoka na mikono ya pilipili.
Kofia za manjano, ndogo kama choroko, ukingoni.
"Wewe ni yupi?"
"Ninayepunga."
Wote walikuwa wanapunga.
Akacheka, kisha akanyamaza, kisha:
"Mama, bati letu lina tundu.
Kona ya jikoni, chini ya lile tofali."

Miaka minane nimehamisha beseni!
Mafundi watatu wamepanda, wakala pesa, wakashuka.
Kumbe maji yaliingilia jikoni,
yakatembea juu ya boriti pole pole, kama mwizi anayejua nyumba,
yakaja kunidondokea kitandani.
Sikujua nishukuru wapi.
Nililitazama jumba, nalo halikunitazama.

Limeisha sasa. Lina vioo, lina bustani, lina mlinzi.
Lali alitaka nipande nione bahari yote kwa mpigo,
mpaka pale maji mekundu ya Sabaki yanapoingia.
Mlinzi ni Tsuma, aliyekoroga saruji naye mwaka jana.
Akatazama viatu vyake, akauliza:
"Mnakwenda kwa nani?"
Lali akafikiri sana.
Chini ya marumaru ya ghorofa ya kumi na moja
kuna alama ya kiganja chake.
Lakini hilo si jina la kuandika kitabuni.
Tukarudi. Njiani akaninunulia muhogo.

Usiku madirisha matatu tu yana taa. Mengine yanangoja wenyewe.

Ila asubuhi, jua likitoka baharini,
vile vioo hulipokea, vikalirudisha chini huku,
kipande cha mraba, cheupe, kikali,
kinachopita juu ya ukuta wa Bi Rukiya,
kikashuka mlangoni kwangu kwa nusu saa.
Jua la mkopo.
Nimeshajua saa zake.
Naamka mapema, nabeba ungo wa kwanza,
nakilaza pale kinapotua,
na kikihama, nahama.