Jibu la Bi Eudoxie

Umeuliza uje lini.
Februari, watakwambia wote: anga kavu,
meli za watalii zimepangwa Roseau kama sahani kabatini,
nami nitakutoza mara mbili, sikufichi.

Mei, kaa wa nchi kavu hushuka mlimani usiku,
wanavuka barabara bila kubisha hodi kwa mtu.
Wajukuu huwafuata na tochi na ndoo.
Ukija Mei, vaa viatu vya kufunika vidole.

Septemba usije.
Septemba tunalala na redio masikioni,
tukingoja dhoruba ipewe jina, kama mtoto.
Mwaka ule bati langu lilikutwa kwa Alford, ng'ambo ya mto;
keshaliezekea banda la nguruwe.
Nikamwachia.

Lakini kama hukujia picha,
njoo Novemba, juma la pili.
Tope litakuwa bado ukutani, usawa wa kiuno,
milima inaota majani upya
kama nywele za aliyetoka kuugua,
na chumba ni bure
kwa anayejua kushika nyundo.
Ngazi ninayo.
Magoti ndiyo sina.