Fungu kwa Fungu

Kuna wiki moja tu kwa mwaka, katikati ya Mei,
wanapokutana juu ya meza yangu, Soko la City Park:
Afrika Kusini akiwa njiani kuondoka,
katoni za mwisho, vikonyo vimeanza ukahawia,
na Misri akiingia na kikonyo kibichi, kichangamfu,
kana kwamba jana tu alikuwa mzabibuni.

Nawapanga ubavu kwa ubavu. Naonja.
Huyu wa Rasi ana sukari iliyotulia, ganda lapasuka kwa sauti.
Huyu wa Nubaria ni mwepesi kidogo, ila bei yake
humfanya mteja wa Parklands achukue kilo mbili badala ya nusu.
Noorali, anayenishushia mzigo saa kumi na moja alfajiri,
huuliza lile lile kila mwaka:
"Mama Kerubo, nani mshindi?"
Nami hujibu kwa kidole: nabonyeza, nasikiliza,
natazama ule unga mweupe juu ya ganda
ambao wateja huufuta wakidhani ni dawa.

Mwaka huu Kerubo yuko nyumbani, chuo kimefungwa kwa mgomo.
Akakaa juu ya kreti, daftari gotini.
Mama, akasema, swali la Noorali ni bovu.
Usiulize nani anajua zaidi. Uliza nani anapoteza kidogo.
Misri akipanda zabibu, hapo hapo hajapanda nini?
Pamba? Ngano? Maji ni yale yale, ya mto mmoja.
Na shamba la kusini lingeweza kuzaa tufaha.
Kila kichala kina kivuli chake:
tunda lile lingine ambalo halikupandwa.

Kisha akanionyesha hesabu, kwa kalamu yangu ya kuandikia bei:
chukua fungu la zabibu katika bidhaa zote nchi inazouza nje,
ligawe kwa fungu la zabibu katika biashara ya dunia nzima.
Ikizidi moja, nchi ina faida. Ikipungua, inajisumbua.
"Na wote wawili wakizidi moja?"
"Basi wote wako pazuri. Mmoja zaidi ya mwenziwe, lakini wote."
"Na sisi?"
Akacheka. "Sisi tuna maua, tuna maparachichi. Zabibu tunanunua."

Mteja akaja, akataka zisizo na mbegu. Nikapima.

Usiku ule, Ngara, mvua juu ya mabati, sikulala.
Niliigeuza hesabu nikajipima mwenyewe.
Maana chini ya kitanda changu kuna cherehani,
imefunikwa shuka, mwaka wa tisa sasa.
Nilishona, mimi. Nilishona kuliko Syombua,
na Syombua anajua; hata leo akipita na sare za shule
hunitazama ninavyotazama pindo.
Gauni moja kwake siku mbili; kwangu, siku na nusu.
Lakini sokoni hakuweza kabisa:
yeye kreti moja, mimi sita.
Tukagawana bila daftari, bila profesa,
tumesimama mlangoni pake, chai ikifurika jikoni:
wewe shona, mimi nitauza.
Nilimshinda pande zote mbili, nikamwachia moja.
Na tumekula. Watoto wamesoma. Hesabu haikudanganya.

Siilalamikii.
Naiuliza tu ile safu ambayo Kerubo hakuichora:
magauni ya arusi ambayo mkono wangu haukuyakata
yameandikwa wapi?
Labda Nubaria yuko mtu aliyejua pamba
kama mimi nilivyojua uzi,
na leo anakagua vichala vya meli,
vidole vikitafuta nyuzi ndani ya majani.

Asubuhi Noorali kashusha katoni arobaini, zote za Misri.
Yule mwingine amefunga msimu.
"Haya, mama. Nani mshindi?"
Nikachukua mkasi mdogo, nikaondoa kikonyo kilichooza
kwa mshazari, kata moja, bila kurudia,
kama mtu anayefungua hariri.
Kerubo akautazama mkono wangu. Hakuandika kitu.