Yatokanayo

Mimi ndiye niandikaye kumbukumbu za vikao
katika idara ya maji ya mji wa Bydgoszcz:
nani alifika, nani aliomba udhuru,
nani alisema nini kabla chai ya limau haijapoa.
Nina mwandiko mzuri. Ndiyo sifa yangu yote.

Jumanne ile ya Januari
mhandisi Rajmund Ziółek alisimama mbele ya ramani,
akaweka kidole juu ya mtaa wa Wasuka-kamba,
akasema: "Tumeugundua mvujo."

Tumeugundua.
Herufi mbili tu, hiyo *tu*,
zikapanuka kama koti la kuazima,
zikamfunika yeye, zikamfunika mkurugenzi,
zikanifunika hata mimi
niliyelala usiku ule chini ya mablanketi mawili,
na hazikubakiza nafasi ya mtu mmoja.

Grażyna Pelc alikaa karibu na mlango.
Masikio yake yalikuwa bado mekundu.
Usiku tisa mfululizo alitembea juu ya theluji iliyoganda
na fimbo yake ya chuma,
anaisimika kwenye vali, anategesha sikio, anabana pumzi,
kwa maana bomba linalovuja halipigi kelele,
hunong'ona kama mtu anayesali kwa aibu,
na tramu ikipita, au mlevi akiimba,
huna budi kuanza upya.
Aliwahi kunionyesha daftari lake, kwenye ngazi:
saa, nambari ya vali, kisha
*kimya. kimya. jokofu la duka. kimya.*
Kurasa kumi na moja za kimya
ili apate mstari mmoja usemao *hapa*.

Watu walipiga makofi. Donati za jamu ya waridi zikapitishwa.
Yeye naye alipiga makofi.
Mimi nikatazama sukari vidoleni mwangu
nikaandika: *Mvujo uligunduliwa.*

Uligunduliwa!
Ewe kauli ya kutendwa, mlango wa uani wa waoga,
kwako shimo hujichimba lenyewe
na sikio halina kichwa.

Mgema akisifiwa, walisema, tembo hulitia maji.
Sawa. Ila hawakutuambia
mgema asiyesifiwa hulitia nini.
Nadhani halitii kitu.
Hushuka, hufuta kisu chake,
na siku ya pili hauchagui tena mti mrefu.

Februari nilimwona akitoka zamu saa kamili,
fimbo imefungwa ndani ya gazeti.
Mtaa wa pili maji yalikuwa yakipotea;
alijua, nilijua kwamba alijua.

Kikao kilichofuata, ajenda ya pili: yatokanayo.
Nikasimama. Mwandishi huwa hasimami.
"Kuna sahihisho, ukurasa wa pili," nikasema,
na sauti ikanitoka nyembamba kama uzi:
"Mvujo wa mtaa wa Wasuka-kamba
aliugundua Grażyna Pelc, fundi,
peke yake, usiku wa kuamkia tarehe kumi na tatu, saa tisa."
Jina nililiandika na ile nukta juu ya zeti
ambayo orodha ya mishahara imemnyima
miaka kumi na tisa.

Ziółek alikohoa. "Bila shaka," akasema, "bila shaka."
Mkurugenzi akauliza kama kuna anayepinga,
kana kwamba jambo hilo ni la kupigiwa kura.
Safari hii hakuna aliyepiga makofi.
Mtu mmoja alifungua dirisha, akalifunga.

Alinisubiri kwenye ngazi.
Nilitarajia shukrani, sikatai.
Akafungua daftari, akaweka ukucha chini ya mstari.
"Saa nane na dakika arobaini," akasema.
"Si saa tisa.
Kama unaandika, andika."