Kijiko

Wiki ya tatu Tabora, nimeanza kula ugali kwa kijiko.
Si ustaarabu. Ni vidole:
nimevisugua kwa sabuni ya mche, kwa ndimu, kwa jivu,
na bado dawa ya maiti imeng'ang'ania chini ya kucha
kama mgeni asiyejua kuaga.

Usiku nakariri mifupa ya kifundo cha mkono. Ni minane.
Saba huja ikiitwa. Wa nane hujificha.
Naumeza mkono mzima kwa chai ya rangi;
asubuhi mkufunzi akiuliza
sijui nimeutapika wapi.

Mama hupiga kutoka Urambo saa mbili usiku.
"Umekula?"
"Nimekula."
"Unalala?"
"Nalala."
Saa saba niko macho, vidole viwili shingoni,
nahesabu: mia moja na kumi na mbili.
Daktari gani huyu,
mgonjwa wake wa kwanza ni yeye mwenyewe?

Nilidhani ni mimi tu.
Hadi usiku ule umeme ulipokatika
nikamsikia Kalunde, yule wa alama za juu,
anayejibu kabla swali halijakaa,
analia bafuni, amefungulia bomba lifunike sauti.
Bomba halikuwa na maji.

Sikumpa pole.
Nilikaa sakafuni, mgongo mlangoni,
nikasema: wa nane simkumbuki.
Kimya.
Kisha, kwa pua iliyoziba, akamtaja.
Sijui nani alianza kucheka.
Tukarudia, kuanzia upande wa kidole gumba.

Siku hizi tunasoma kama baba anavyopanga tumbaku,
jani kwa jani, fungu kwa fungu,
lililoungua linawekwa kando, halitupwi,
nalo lina bei yake.
Siku nyingine hatusomi kabisa.
Tunakwenda stesheni kutazama wapagazi wakishusha magunia,
mikono mizima mizima,
hakuna anayeiuliza majina.

Moyo haujatulia. Jana: tisini na nane.
Mtihani ni Jumatatu.

Jioni hii Kalunde amesonga ugali,
mlenda wa karanga pembeni unavutika hadi ukingo wa bakuli.
Nikapapasa mfukoni.
"Mlenda kwa kijiko?" akasema. "Wewe umezaliwa wapi?"

Nikanawa. Mara moja tu.
Nikamega tonge, nikalibonyeza shimo kwa gumba.
Harufu ipo.
Nimekula nayo.