Sauti Imekatika

Televisheni ya Hasmukh imepoteza sauti.
Picha ipo, safi kama maji ya mtungi;
midomo inakwenda, na watu wameegemea kaunta
ya duka la misumari, hapa Gongoni,
wanangoja niufungue mgongo wake
niwarudishie kicheko chao cha saa mbili.

Kwenye kioo, Mhindi.
Si Mhindi: kijana wa watu, mto wa sufi tumboni,
sharubu za masizi, poda hadi masikioni.
Anahesabu sarafu. Inadondoka moja.
Anaifuata kwa magoti chini ya meza, matako juu,
na hata bila sauti tunajua anachosema,
duka zima tunamsemea:
Veve nataka nini? Toka! Hapana kopesha!

Hasmukh anacheka.
Anacheka wa kwanza, anacheka wa mwisho,
kama mtu anayewahi kuufunga mlango
kabla upepo haujaubamiza.
Aliwahi kuniambia jina lake, kwa lugha ya kwao,
ni uso wenye kucheka.
"Walinipa kazi kabla sijaota meno."

Na ni bahili, nisimpambe.
Misumari huipima, kisha huondoa mmoja.
Lakini mjomba wangu Kasanda, Mnyamwezi wa kutupwa,
hupasua njiti ya kiberiti ikawa mbili,
na hakuna aliyemvisha mto tumboni
akamtembeza nchi nzima usiku mmoja
akisema: haya, Wanyamwezi ndio hawa.

Huyu anayeambiwa hajui Kiswahili
ndiye hunisahihisha Kinyamwezi changu.
Nikimpa mwangaluka ya harakaharaka
hunirudisha nyuma, niiseme
kama mtu aliyelala akaamka salama.
Babu yake alishona sare za watu wa reli.
Majivu ya mkewe aliyamwaga Igombe,
bwawa tunalonywa sote.
Hilo halijapata kuwa kichekesho.

Ninalehemu. Mkono si wangu.
Kwa sababu mwaka ule, harusi ya Nyamizi kule Cheyo,
nilishika kipaza sauti nikawa Mhindi.
Nilijaza shati kwa khanga za shangazi,
nikapiga veve, nikapiga hapana taka,
ukumbi ukaanguka. Nilitunzwa noti hadi mfuko ukakataa.
Na yeye alikuwapo, meza ya pili, karibu na keki,
akipiga makofi.

Leo ananiinamia, tochi mkononi,
anasema chini chini, wateja wasisikie:
"Ile veve yako ya harusini.
Baba yangu ndiye alisema hivyo. Vilevile,
na ile pumzi mwishoni.
Miaka ishirini na sita sijaisikia.
Nikafurahi, fundi. Nilidhani umemleta.
Halafu watu wakacheka."

Waya umeshika.
Nimeuona ukishika.
Ni kugusa swichi tu.

"Bado?" wanauliza kwenye kaunta.
"Bado," nasema,
na ninaupuliza waya uliokwisha kupoa.

Kijana wa watu anafumbua mdomo, anaufumba.
Bila vile vicheko vya kupachika nyuma yake
anaonekana mchovu, jasho limechora mifereji kwenye poda,
kama mtu aliyepoteza kitu cha kweli chini ya ile meza
na hakuna anayemsaidia kutafuta.

Wanaondoka mmoja mmoja
na vitasa vyao, na robo kilo zao za misumari,
wakinilaumu: fundi gani huyu.
Hasmukh ananilipa. Anahesabu noti mara mbili.
Nami, mbele ya macho yake, nazihesabu ya tatu.

Hapo anacheka,
wala sijui kama yuko kazini
au ni yeye.