Mizani ya Nanyamba

Wameniazima pamoja na mizani.
Msimu wa korosho umekwisha, ghala tupu,
vumbi la magunia bado linatupigisha chafya.

Afisa wa kamisheni kauliza: imekaguliwa?
Nikamwonyesha stika ya vipimo.
Wakulima mlangoni wakacheka;
wanaijua, imewahi kula kilo zao.

Akapanda Hokororo, peku, bukta tu.
Siku mbili anatema mate koponi
apungue. Sitini na moja kamili.
Leseni ipo. Picha ya kichwa kutoka Ligula ipo,
ina muhuri, ina tarehe ya Machi.

Lakini Aprili, Masasi, pambano lisilo na kibali,
uwanja wa shule, jenereta likizimika-zimika,
nilimwona chali, akihesabiwa
kwa jina la mdogo wake.
Kanuni inasema apumzike siku tisini.
Kanuni haikuwapo Masasi.

Daktari Somoe akammulika jicho, la pili,
fuata kidole. Akakifuata.
"Umewahi kuzimia ulingoni miezi hii?"
"Hapana, dokta."

Kalamu ninayo mimi.
Malipo ni laki mbili, na paa la mama yake
nalijua: nimelala chini yake likivuja.

Akashuka, akavaa shati, akanitazama kwa adabu.
"Shikamoo mzee. Wewe ni mwenyeji wa hapa?"

Hokororo.
Baiskeli nilikufundisha mimi,
barabara hiyohiyo, nimeshika kiti nyuma.

Nikafunga daftari.
"Dokta," nikasema, "lile swali lirudie,
ila safari hii niulize mimi."