Tarumbeta ya Saa Nane

Wanasema kuta zina masikio.
Huu wa kwangu, ghorofa ya sita, mtaa wa Trakia, mjini Plovdiv,
umeota mdomo.

Mimi ni mwokaji. Nalala wenzangu wakila chakula cha mchana,
naamka saa saba za usiku, nakanda unga
hadi alfajiri iingie tanurini pamoja na mikate.
Basi saa nane mchana, jengo zima likiwa limeamriwa kunyamaza
(tangazo liko kwenye lifti: saa nane hadi kumi, tulieni),
ndipo Gancho Velev anapoinua tarumbeta yake.

Si wimbo. Laiti ungekuwa wimbo ningeuzoea,
ningelala juu yake kama paka juu ya redio.
Ni sauti moja tu. Anaipandisha, inateleza, anaianza upya,
kama mtu anayepandisha kabati ngazini peke yake,
na kila akifika ghorofa ya nne
kabati linarudi chini.
Mitungi yangu ya pilipili hoho rafuni inatetemeka, inagusana mabega:
Umesikia? Nimesikia.

Nilianza na ufagio. Ngo, ngo. Mpini ukavunjika.
Nikaandika barua kwa kalamu nyekundu,
nikafuta matusi mawili, nikabakiza moja, dogo.
Nikaipeleka kwa Penka, mwenyekiti wa jengo,
atunzaye risiti za balbu zote tangu afiwe na mumewe.
Akaisoma. Akavua miwani.
"Zlatina," akasema, "na yeye kaleta yake."
Akavuta droo.

*Kila usiku, saa saba kamili, saa ya jirani yangu inalia.
Inalia dakika arobaini. Mjukuu wangu anaamka.
Binti yangu anaamka. Mbwa wa ghorofa ya tano anaamka.
Jirani yangu, pono yule, haamki.*

Dakika arobaini!
Nami huwaapia wenzangu kazini
kwamba mlio wa kwanza tu, niko wima.
Niliisoma nimesimama, unga bado kwenye nyusi,
nikamkumbuka nyani wa methali na kile asichokiona,
na kwa mara ya kwanza maishani nikamhurumia.

Nilimbishia hodi na sinia la banitsa, jibini bado inachemka ndani.
Akafungua akiwa na soksi mguu mmoja.
Tarumbeta ilikuwa imelazwa kwenye ubao wa kupigia pasi,
imefunikwa taulo kama mgonjwa.
Miaka thelathini kwenye bendi ya zimamoto, akasema,
halafu meno mawili ya mbele yakaondoka.
Haya ni mapya. Midomo haiyajui.
Ile sauti ninayoitafuta, akasema, zamani nilikuwa naipata nikitembea.

Hatukuombana msamaha.
Yeye alikuwa na aibu, mimi nilikuwa na usingizi.
Tukapatana: saa yangu niizime.
Yeye, ambaye mtoto anamwamsha hata hivyo,
atanigongea ukutani saa saba, mara tatu.
Tarumbeta isubiri saa kumi na dakika moja.

Usiku wa kwanza alipitiwa, mikate ikatoka imepauka.
Usiku wa pili aligonga saa sita; miwani hakuwa nayo.
Usiku wa tatu, ngo, ngo, ngo.
Nikajibu kwa kipande cha ule mpini.

Leo ni Jumapili. Leo ana keekee ya umeme.
Anatundika picha, au anatafuta mafuta, sijui.
Nimekaa kitandani natazama vumbi likidondoka ukutani,
jembamba kama unga wa mwisho wa chekecheke,
na kalamu nyekundu
nimeshaiona iko wapi.